Perege wa Migoli, kabla hujavuka bwawa la Mtera

Kama unapita barabara ya Iringa–Dodoma usishibe kabisa Iringa, acha nafasi. Ukishateremka Nyang'oro joto linakupokea, koti unalivua mwenyewe, na pale Migoli harufu ya samaki inaingia dirishani kabla gari halijasimama. Sisi tulikaa kwenye kibanda cha mabati, jina hakina, meza nne tu, na mama mwenye nacho anakwambia njoo uchague mwenyewe.

Nikachagua perege. Kampiga mistari ubavuni, chumvi na ndimu basi, akamtumbukiza kwenye mafuta ya moto na hakumgusa mpaka ngozi ikakakamaa, ndo akamgeuza, mara moja tu. Aisee. Nje kakauka kau kau, ukimvunja nyama nyeupe inatoa mvuke, hana ule utope utope wa samaki aliyelala kwenye barafu siku tatu. Ugali wa moto, kachumbari yenye pilipili ya kukutoa machozi, nlikula mpaka kichwa.

Ila alikuwa mdogo, nikamwambia mama, mbona hivi? Akasema "maji yameshuka mwanangu, Ruaha ikijaa na wao wanakuja." Na kweli, maji ya Ruaha Mkuu huko juu Usangu yanapita kwenye mpunga wa watu kwanza, yakifika hapa yanazungusha mitambo ya Mtera megawati 80, halafu yakishuka Kidatu yanazungusha tena 204. Yaani perege wangu yuko foleni moja na umeme wa taifa.

Kasoro zipo. Mboga zilikuwa na mchanga, tumesubiri karibu dakika arobaini huku dereva anapiga honi, na bei haijaandikwa popote, jamaa niliyeshuka nae gari moja kalipa buku mbili zaidi yangu kwa samaki wa saizi ile ile kisa hakuuliza kabla ya kukaa.

Wa kupeleka nyumbani usinunue dirishani kwa haraka, mi nlishapigwa, mtungo juu wakubwa chini vidole. Shuka, funua shavu uone kama bado jekundu, au chukua wa kukaanga.

Nampa nne kwa tano. Konda anatuita bado nina mkia mkononi, tumevuka ukuta wa bwawa nanyonya miiba.