Daftari la maombi la elfu sita, nimelitumia miezi minne

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mmeniuliza sana kuhusu hili daftari la maombi nililonunua hapa mjini Dodoma, nawajibu wote kwa pamoja.

Bei elfu 6, linaingia kwenye pochi vizuri. Kava gumu ila gundi ya mgongo mbovu, mwezi wa pili tu kurasa zikaanza kuchomoka nikapeleka kwa fundi akashona. Karatasi nyepesi, peni yenye wino mwingi inatokea upande wa pili, bora penseli.

Kilichofanya nilipende ni kwamba kila siku ina mistari mitano tu, na pembeni wameacha nafasi ya kuandika tarehe ombi lilipojibiwa. Mwanzoni nikaona mitano michache, maana mi nilikuwa mtu wa mkesha, naomba usiku kucha Ijumaa halafu wiki nzima kimya, lakini kurasa ya kwanza wameweka Luka 11:3, "Utupe siku kwa siku riziki yetu", nikakaa na hilo neno siku kwa siku mpaka likaniingia, yani ya leo unaomba leo na kesho unarudi tena kwa Baba, huwezi kuomba ya mwezi mzima kwa mkupuo ukamaliza. Sa hivi naamka saa kumi na moja kasoro kabla ya daladala ya Mtumba, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua, najifunga shuka nakaa jikoni naandika mistari yangu naomba.

Wiki ya tatu nikarudi nyuma kusoma. Kiwanja cha Nzuguni nimekiombea siku 12. Mama yangu mzazi, yuko Mpwapwa na miguu inamsumbua, hayupo hata siku moja. Nililia jamani. Kwa mdomo tu nisingejua kamwe. Tangu siku ile naanza na majina ya watu ndo nafika kwenye yangu.

Na wanaosema kuomba kila siku ni mazoea tu, someni Danieli 6:10, amri ya mfalme ya kukataza watu wasimwombe Mungu ilipotoka, Danieli hakuanzisha maombi mapya, aliendelea na zake mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya. Mwezi uliopita mwanangu kalazwa usiku, sina daftari, sina nguvu ya kutunga maneno, nikajikuta nasema yale yale ya kila asubuhi na moyo ukatulia.

Waliolichapa naomba waongeze Jumapili, hawajaiweka kabisa sijui kwanini, kwenda kanisani hakuondoi ile saa yako peke yako na Mungu.

La mama nimeshanunua, macho yake hayaoni vizuri kwahiyo nimemkolezea mistari kwa peni nyeusi, kesho nalipeleka stendi liende na basi la Mpwapwa.