Unaunga kompyuta kwa hela ya mawazo? Anza na pawa saplai

Mazabodi yangu, ile bodi kuu ya kompyuta, iliungua nikiwa nahariri video ya harusi ya mdogo wangu. Umeme ulikatika, ukarudi, nikasikia "pa!", na harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima. Fundi alichomoa pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, niliyouziwa Kariakoo kwa shilingi 45,000, akaniwekea mkononi. Nyepesi, utadhani boksi tupu la viatu. Kwenye stika, kwa herufi kubwa: 500W. Chini yake, kwa maandishi ya kusomea tochi: +12V, 14A.

Zidisha volti 12 kwa ampea 14. Ni wati 168. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha vinakula umeme kwenye laini hiyo ya volti 12, na hiyo 500 iliyoandikwa juu haivihusu. Kadi yangu ya GTX 1650 peke yake inafika wati 75. Prosesa, Ryzen 5 5600G, ikifanya kazi nzito inaweza kufika 88. Hapo hujagusa feni wala diski. Jamani, ile kitu ilikuwa inabeba mzigo wa mwisho kila siku, na mimi nahangaika kulinganisha ramu, memori ya kompyuta!

Kwa hiyo makasha ya kompyuta yenye taa leo siyazungumzii.

Pawa saplai namba moja kwangu ni Corsair CX550, na sifichi kwamba naipendelea. Laini yake ya +12V ina karibu ampea 46, yaani takriban wati 550, zilezile zilizoandikwa juu ya boksi. Tena haina ile swichi nyekundu ya 115/230 nyuma. Swichi hiyo mtoto akiisogeza kwenye 115 na umeme wetu ni wa 230, imekwisha. Ukiikosa CX, chukua Cooler Master MWE Bronze ya wati 550. Zisizo na jina, acha.

Prosesa: 5600G bado naichagua kwanza, maana sehemu ya kutoa picha imo ndani yake, kadi utanunua ukijaliwa. Ila ifungie ramu mbili za GB 8, usiweke moja ya 16, kwa sababu picha zinategemea kasi ya ramu hiyohiyo, na mbili zikifanya kazi pamoja zina kasi kuliko moja. Core i3-12100 inafuata. Angalia isiwe na herufi F mwishoni. Yenye F bila kadi haitoi picha kabisa, na wauzaji hawakwambii.

Kompyuta za Dell OptiPlex za mtumba zinauzwa bei nzuri, lakini nyingi plagi zake za umeme za ndani ni za kwake peke yake. Pawa saplai ikifa, ya kawaida haiingii.

Niliporudi dukani na ile iliyoungua, muuzaji alinionyesha mhuri kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sasa sitoi hela kabla boksi halijafunguliwa nikasoma stika mwenyewe. Wengine wanakataa, eti boksi likifunguliwa nimeshanunua. Na bei ndiyo usiseme. Duka la tatu kutoka pale nilitajiwa bei ya CX550, nikaomba nifikirie. Kaka mmoja akaja nyuma yangu kuulizia hiyohiyo. Nilikuwa bado nimesimama kaunta, nikamsikia anatajiwa bei ya chini kuliko yangu kwa elfu thelathini.