Mbwa aliyepotea Kigoma: picha ya WhatsApp au kuzunguka naye mtaani?

Ukimkuta mbwa mwenye ukanda shingoni anazubaa karibu na mwalo wa Kibirizi, njia za kumpata mwenye mbwa ni mbili: kutuma picha kwenye makundi ya WhatsApp, au kumfunga kamba mzunguke naye.

Picha hufika Ujiji, Gungu na Mwanga kwa dakika chache. Ila huwafikia pia wanaotamani mbwa wa bure. Ficha alama moja, labda kovu la sikio au doa la tumboni, anayemdai aitaje mwenyewe.

Mimi naanza na miguu. Mlegezee kamba asubuhi, huenda akanusa njia na kukuvuta kuelekea kwao. Watoto ndio wanaomlisha, wanamjua kwa jina, na wengi wao hawana simu. Wakimwita, mkia wake utakujibu. Mwarifu mapema mwenyekiti wa mtaa, usije ukadhaniwa mwizi.

Lakini kichaa cha mbwa kipo. Anayetoa udenda na kuyumba usimguse kabisa, mwite afisa mifugo. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha wahi hospitali ukachanjwe siku hiyohiyo.