Chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi: kinamfaa nani?

Wengi jijini hulijua jumba hili kama mahali pa kungojana tu: "Nipate Archives." Wanaoingia nao huishia chini, kwenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, ambao kwa haki yake unastahili nusu siku. Lakini anayeandika habari za kijiji apande hadi chumba cha kusomea.

Huduma humfaa anayefika na namba ya jalada. Anayefika na swali tupu, kwa mfano "nataka historia ya Kangundo", atarudi mikono mitupu. Anza na orodha za majalada. Katika namba zake, DC ni mkuu wa wilaya, PC wa mkoa. MKS ni Machakos na FH ni Fort Hall, yaani Murang'a. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kaunti za leo hazimo. Kakamega itafute chini ya North Kavirondo, na baadaye North Nyanza. Makueni imo ndani ya Machakos. Majina ya vijiji yaliandikwa na Wazungu walivyoyasikia, kwa hiyo jaribu tahajia tatu au nne kabla ya kukata tamaa.

Ripoti za mwaka ndizo huombwa zaidi, na ndizo zenye chumvi nyingi, maana DC alimwandikia mkubwa wake. Utamu uko kwenye ripoti za makabidhiano, alizomwachia mwenzake aliyekuja kushika nafasi. Huko husemwa chifu yupi haaminiki na mpaka upi una ugomvi. Ziombe pamoja, za miaka ileile, uzilinganishe.

Machakos ya 1938 ni zoezi zuri la kuanzia. Serikali iliwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa lazima, kiwanda cha nyama cha Liebig kikingoja Athi River, na maelfu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. (Barabara yenye jina lake iko mwendo wa dakika chache kutoka hapo.) Makaratasi ya wakubwa yatakueleza malisho yaliyochakaa na udongo uliomomonyoka. Thamani ya ng'ombe kwenye mahari usiitarajie humo. Hiyo kawaulize wazee.

Jihadhari na fedha pia. Hadi 1920 hesabu ni za rupia, kisha florini kwa muda mfupi, na shilingi kuanzia 1921. Rupia moja iligeuzwa kuwa shilingi mbili. Asiyejua hili ataona kodi ya nyumba imepanda maradufu mwaka ambao haikupanda hata senti.

Nakala hulipiwa kwa ukurasa, basi chagua. Namba ya jalada na ya ukurasa iandike nyuma ya kila nakala papo hapo, kwani karatasi yenyewe mara nyingi haionyeshi ilikotoka. Kopi za kaboni ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Usizifunue kwa kidole kilicholowa.

Mapengo yapo, na si kosa la wahudumu. Moto wa 1939 uliunguza kumbukumbu nyingi za makao makuu ya serikali. Hati ambazo hazijatimiza miaka 30 kwa kawaida hufungwa. Nyingine zilisafirishwa Uingereza wakati wa uhuru, zikafichwa hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilipozifichua 2011. Sasa ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya namba FCO 141.