TAHADHARI: Wakala anayeuza cheti cha B2, udahili na viza ya Ujerumani kwa "kifurushi"

Mnaojiandaa kwenda Ujerumani kusoma uzamili au uzamivu, hasa mlio katikati ya darasa la Kijerumani huku tarehe ya maombi ikiwakaribia, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna wakala anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya wanaojifunza Kijerumani. Jina hubadilika, namba hubadilika, picha ya wasifu leo ni mwanamama mwenye suti, wiki ijayo ni bendera na jengo la chuo. Kwa hiyo sihangaiki na jina. Naeleza anavyofanya kazi, maana hapo habadiliki. Anauza anachokiita kifurushi kamili: cheti cha B2 (ngazi ya nne kati ya sita za Kijerumani) "kilichosajiliwa kwenye mfumo" bila kufanya mtihani, barua ya udahili ya chuo kikuu cha umma, miadi ubalozini, na usimamizi wa Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa ya kuonyesha una hela ya kujikimu. Euro 2,400, nusu kabla ya kuanza.

Mwenzangu tunayesoma naye hapa Ujerumani ana mdogo wake aliyetoa hiyo nusu. Mazungumzo yote nimeyasoma, na wameniruhusu niyasimulie bila majina.

Wakala hakuanza na habari za hela. Aliuliza: "Umefika ngazi gani?" Kijana akasema kweli, yuko A2, ngazi mbili chini ya B2. Likaja swali la pili, unataka kuanza lini? Muhula wa Oktoba. Hapo wakala akajua amepata mtu wake. Akamwandikia kwamba kwa mwendo huo hatawahi, dirisha linafungwa tarehe 15 Julai, lakini asiwe na wasiwasi, "tuna mtu ndani ya kituo cha mtihani". (Kozi nyingi za uzamili hufunga maombi mapema kuliko hapo, lakini hilo hakuligusa.) Ikafuata picha ya cheti: Lesen (kusoma) 84, Hören (kusikiliza) 81, Schreiben (kuandika) 79, Sprechen (kuzungumza) 88, jina limefunikwa kwa kidole gumba. Baadaye nikaonyeshwa picha aliyotumiwa mwanafunzi mwingine kabisa. Alama zilezile, mkunjo uleule kwenye kona ya karatasi, ila kidole kimesogea kidogo kushoto.

Kijana alipouliza kwa nini alipe kabla ya kuona chochote, akajibiwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Akalipa.

Sasa, cheti chenyewe. Mtihani wa B2 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100 na kila moja unatakiwa upate angalau 60. Unaufanya ukiwa na kitambulisho chako, na kwenye kuzungumza unakaa mbele ya watahini wawili. Taasisi ina utaratibu wa kuhakiki vyeti vyake, na chuo au ubalozi ukiingiwa na shaka unaulizia tu. Huo "usajili kwenye mfumo" ni maneno ya biashara. Na tuseme karatasi imepita: bado mdomo ni wako. Afisa wa viza akiona B2 kwenye faili anaweza kukugeuzia Kijerumani papo hapo, akuulize umechagua kozi hiyo kwa nini na utaishi wapi, nawe umeishia kwenye kujitambulisha na kutaja siku za wiki.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 267 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinahusu kughushi, na hakimlengi mtengenezaji peke yake. Anayeitumia hati bandia naye yumo. Chuo kikigundua baada ya kukusajili kinaweza kukufutia usajili, na ukishafutiwa usajili, kibali cha kuishi kama mwanafunzi hakina tena pa kusimama. Wakala wakati huo ameshabadilisha namba.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba hicho cheti, hata kingekuwa halali, wengi wanaouziwa hakiwafikishi wanakotaka. Kozi nyingi za uzamili zinazofundishwa kwa Kijerumani zinataka zaidi ya B2. Zinataka mtihani wa Kijerumani cha chuo kikuu: DSH-2, au TestDaF yenye alama ya TDN 4 kwenye sehemu zote nne, au telc C1 Hochschule, au kitu cha kiwango hicho. Na DSH hufanyiwa kwenye vyuo vyenyewe, Ujerumani. Upande wa pili, kozi inayofundishwa kwa Kiingereza kwa kawaida hudai cheti cha Kiingereza. Kijerumani ama hakidaiwi kabisa, ama kinadaiwa kidogo tu. Huyu kijana alikuwa anaomba kozi mbili za Kiingereza! Hakuna aliyemwomba B2. Masharti yote yapo kwenye ukurasa wa kozi wa chuo chenyewe, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili na kubadilishana wanafunzi, wana orodha ya bure mtandaoni unayoweza kuchuja kwa fani, lugha na ada.

Wapo pia ndugu zake wakala huyu, wenye "darasa la miujiza", kutoka sifuri hadi B2 kwa miezi miwili, na cheti umehakikishiwa. Makadirio ya Goethe-Institut yenyewe ni kwamba kufika B2 kunahitaji jumla ya vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Ukisoma vipindi 25 kila wiki, bila kuugua na bila kuchoka, hizo ni wiki 24 hadi 32. Mimi bado napigana na viishio vya vivumishi, na niko hukuhuku nakisikia kila siku kwenye treni. Mwalimu anayekuahidi miezi miwili ama hajawahi kufundisha, ama anajua utashindwa na ameshakuandalia mtu wa kukuuzia karatasi.

Kwenye udahili kuna mbinu ambayo sikuijua hadi nilipoyasoma hayo mazungumzo. Wakala alimfungulia kijana barua pepe mpya, yenye jina lake kamili, "kwa ajili ya mawasiliano na vyuo". Nywila akabaki nayo yeye. Maombi yote yakatumwa kupitia anwani hiyo. Maana yake, chuo kikijibu kwamba nakala fulani haikuthibitishwa, au umekataliwa, au umekubaliwa, anayesoma ni wakala. Akitaka anakuficha, akitaka anakugeuzia: barua ya kukataliwa inaingia, wewe unaletewa PDF ya kukubaliwa aliyoichezea, na bili ya kumalizia nusu ya pili. Mbaya zaidi, kila kilichopakiwa kimepakiwa kwa jina lako, kikiwemo hicho cheti cha kidole gumba.

Gharama halali hazina siri yoyote. Ukipitia uni-assist, huduma inayopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi, ombi la kwanza kwenye muhula ni euro 75 na kila la ziada katika muhula huohuo ni euro 30. Vyuo vingine vina lango lao wenyewe na vingi humo havitozi. Vyuo vikuu vya umma kwa sehemu kubwa havina ada ya masomo. Isipokuwa hasa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Technische Universität München, iliyoanza kutoza wanafunzi wapya wa nje ya Umoja huo mwaka 2024. Kuna mchango wa muhula, euro mia na kitu hadi mia tatu au zaidi kidogo kutegemea chuo, nao unaulipa wakati wa kujisajili, ukiwa umeshakubaliwa, kwenye akaunti ya chuo. Kwa hiyo mtu akikudai "ada ya kushika nafasi" ya chuo cha umma kwenye akaunti yenye jina la mtu binafsi, huo ni wizi. Usiendelee kumuuliza maswali.

Wa uzamivu nao wana mtego wao. Huku hakuna dirisha moja la kitaifa la kuomba uzamivu. Ama unamtafuta profesa mwenyewe, unamwandikia na pendekezo lako la utafiti, ama unaomba nafasi iliyotangazwa au shule ya uzamivu. Wakala anauza "barua ya msimamizi" iliyokwisha sainiwa. Profesa hajui kama upo duniani. Mwandikie wewe, kwa anwani yake iliyoko kwenye tovuti ya idara. Atakayekukataa atakukataa bure. Na yeyote anayekuhakikishia ufadhili wa DAAD kwa malipo ni wa kumpita tu, DAAD hawatozi kuomba ufadhili wao.

APS, yaani uhakiki wa vyeti vya masomo kabla ya kuomba, nayo imeanza kuuzwa kwa watu isiowahusu. Uhakiki huo unawahusu waliosoma China, India au Vietnam. Kama shahada yako haikutoka huko, mtu akikuambia faili limekwama kwa kukosa APS anakutafutia sababu ya kukuongezea bili. Vilevile Studienkolleg, kozi ya maandalizi: hiyo ni ya wanaotaka kuanza shahada ya kwanza na vyeti vyao vya sekondari havitoshi. Wewe mwenye digrii unaipeleka wapi?

Miadi ubalozini haiuzwi. Balozi za Ujerumani hazitozi chochote kwa kuweka miadi. Unachokuja kulipia ni ada ya viza ya taifa, euro 75, nayo inalipwa kwa wenye mamlaka ya viza.

Sasa Sperrkonto, na hapa ndipo familia hufilisika. Kiasi kinachotakiwa tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa kila mwezi utakaokuwa huku. Akaunti hufunguliwa kwa jina lako na pasipoti yako, fedha ni zako, na ukishafika unaachiwa kidogokidogo kila mwezi. Ni wewe na mtoa huduma, basi. Wakala wetu alimwambia kijana kwamba kufungua mwenyewe kuna usumbufu, atume euro 11,904 zote kwenye "akaunti ya pamoja ya wanafunzi" na uthibitisho utatoka ndani ya siku tatu. Jina la mwenye akaunti lilikuwa la mtu mmoja tu, la kwanza na la ukoo. Kijana hana hela hiyo, akampigia dada yake aliyeko huku, ndiye yule mwenzangu, aombe mchango, na dada alipoliona lile jina akaketi chini. Hivyo ndivyo yote yakajulikana. Bila uhaba ule wa hela, ingekwenda.

Kuna toleo jingine la hili: "tutakukopesha salio la Sperrkonto". Wanakuwekea fedha, nywila wanashika wao, na kila mwezi zile 992 zikitoka zinaishia kwao, pamoja na riba. Unafika Oktoba na baridi inaanza, huna hata ya kodi ya chumba, na ulimweleza afisa wa viza kwamba unajitegemea.

Vyumba kwa kifupi: mwenye nyumba "yuko nje ya nchi", anataka dhamana kwanza na funguo atatuma kwa posta. Usitume. Jaribu Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi lenye mabweni) wa mji wako mapema, foleni yao ni ndefu lakini ni ya kweli.

Kama umeshalipa kifurushi cha namna hii, usione haya na usingoje "refandi" anayokuahidi. Piga benki yako au huduma uliyotumia leo, wakati mwingine muamala huzuilika. Hifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta upande wake. Toa taarifa polisi, hata kama unaona haitarudisha kitu, kwa sababu nakala ya pasipoti yako anayo na unahitaji karatasi inayoonyesha lini ilitoka mikononi mwako. Kisha wasiliana na uni-assist na vyuo ulivyoomba, kwa barua pepe yako halisi, uulize kuna maombi gani kwa jina lako na yameambatanishwa nini. Kama kuna cheti usichokifanyia mtihani, ondoa maombi hayo kwa maandishi kabla wao hawajakigundua. Huyu kijana ndivyo alivyofanya. Chuo kimoja kilimjibu kwamba maombi yameondolewa na anaweza kuomba upya muhula mwingine; cha pili bado kinasubiriwa. Zile euro 1,200 hazijarudi.

Akikuandikia wewe, usibishane naye wala usijaribu kumchezea, watu wamewahi kupoteza akaunti zao za WhatsApp kwa kufungua viungo alivyotuma wakati wanamtania. Piga picha ya skrini ikionyesha namba, mpelekee msimamizi wa kundi, kisha mfungie. Na kama una picha ya cheti chenye kidole gumba, iweke hapa chini ukiwa umeficha jina lako. Tunazikusanya za kupeleka kituo cha mtihani.