Chupa Mbili za Ujazo Mmoja: Pilsner Urquell na Henry Westons Vintage

Habari zenu ndugu watazamaji. Kama hujatimiza miaka 18, tukutane kwenye video nyingine. Leo mezani nina chupa mbili, zote za mililita 500. Hii ni Pilsner Urquell, bia ya Ucheki. Hii nyingine ni Henry Westons Vintage ya Uingereza, saida, yaani pombe ya matofaa (apple).

Tuanze na bia. Namimina... oneni hiyo rangi. Vidole vyangu mnaviona vizuri upande wa pili wa glasi, sivyo? Zamani bia nyingi za Ulaya zilikuwa za rangi nzito, hazipitishi mwanga. Pale mji wa Plzeň, mwaka 1838, wenyeji walichoshwa na bia mbovu hadi wakamwaga mapipa 36 mbele ya jumba la mji. Mapipa 36, jamani! Kisha wakajenga kiwanda chao wenyewe na kumleta fundi kutoka Bavaria, Josef Groll. Huyu alijua kuchachusha bia kwenye baridi na kuiacha itulie ghalani muda mrefu. Hata neno lager, jina la bia za aina hii, asili yake ni Kijerumani, maana yake kuweka ghalani. Tarehe 5 Oktoba 1842 akapika kwa kimea cheupe, maji laini ya Plzeň na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kutoka Žatec, Ucheki. Bia nyingi za rangi ya dhahabu tunazokunywa leo, Tusker ikiwemo, ni wajukuu wa pishi lile.

Naonja. Mmh. Kwanza mkate, halafu kama asali kwa mbali, mwisho uchungu wa hopsi unaobaki nyuma ya ulimi. Naipenda sana. Ila msiigandishe kwenye friza, mtaua harufu yote.

Sasa ukali: asilimia 4.4 tu. Ukiingia baa ya Prague ukakuta bia imeandikwa 12°, usishtuke. Hiyo si alkoholi, ni kipimo cha sukari kwenye maji ya kimea kabla hamira haijafanya kazi. Na kwenye Pilsner Urquell sukari kidogo huachwa bila kuchachuka, ndiyo sababu bia ni nzito mdomoni lakini kichwani ni ya kiasi.

Haya, saida. Henry Weston alianza kuitengeneza mwaka 1880 kijijini Much Marcle, Herefordshire. Matofaa yake si yale ya kula. Ukiyang'ata mdomo unakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Enzi hizo vibarua wa mashambani walilipwa sehemu ya ujira kwa saida, mpaka sheria ya mwaka 1887 ikapiga marufuku.

Inanukia tofaa lililoiva na mbao za mwaloni. Inateleza, utamu wa wastani, na ukakasi mzuri mwishoni. Lakini sogeza kamera hapa, soma: asilimia 8.2. Kwa sheria ya Uingereza, kinywaji kikihesabiwa saida lazima kiwe chini ya asilimia 8.5, kwa hiyo hii iko karibu kabisa na dari.

Pigeni hesabu nami. Mililita 500 za bia hii zina mililita 22 za alkoholi halisi. Za saida hii, 41. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kutozidisha mililita 140 za alkoholi hiyo halisi kwa wiki nzima. Chupa tatu za saida zinakufikisha 123. Shemeji yangu alipokuja kunitembelea hapa Birmingham alipewa saida fulani kwenye sherehe, akaigida kama juisi kwa vile ni tamu. Tulimbeba mpaka kwenye gari. Iliniuma, kwa sababu namba ilikuwa imeandikwa kwenye chupa na hakuna aliyemwonyesha.

Kwa nyama choma, nachukua Pilsner bila kusita. Saida hii naiweka kwa jibini au nguruwe wa kuoka, chupa moja kwa watu wawili, na jagi la maji pembeni.