Kliniki ya matiti pale Tudor, Mombasa, naipa nyota nne
Nlimpeleka mamangu, alipata kivimbe karibu na kwapa, hakimuumi, na hapo ndo watu hupuuza manake saratani ya titi mwanzo mara nyingi haina maumivu. Daktari alimpapasa taratibu, kisha mamogramu (eksirei ya titi) na ultrasaundi, akatueleza picha pekee haitoshi lazima wachukue kinyama kwa sindano kikapimwe maabara. Mamangu alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia, nesi akamfunika kifua kwa leso, wallahi nlimpenda yule dada. Foleni ndo mbaya, saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri! Majibu yakaja, ni saratani, lakini wakapima pia kama inakuzwa na homoni, na HER2 (protini inayoweza kuifanya saratani ikue haraka), wajue dawa ipi itamfaa. Operesheni ni Jumatano, tunarudi hapohapo inshallah.